Johannesburg: Haki za mnunuzi wa lenzi mpya yenye kasoro

Katika mtaa wa Yeoville, mjini Johannesburg, ambako Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika sokoni na makanisani, wapo wapiga picha wanaoishi kwa harusi na ubatizo. Kwa mtu wa kazi hiyo, lenzi mpya ni akiba ya miezi kadhaa. Ikiwa na kasoro, hasara haiishii kwenye bei yake, kwani bwana harusi haoi mara ya pili ili picha zirudiwe.

Kasoro ya lenzi nayo ina hila. Kioo cha ndani kikikaa upande kidogo tu, picha hutoka safi katikati, kumbe pembe moja imefifia. Dukani, kwenye kioo kidogo cha kamera, hilo halionekani. Hugundulika kwa kupiga picha ya ukuta wa matofali, kamera ikiwa imetulia na kuelekea ukuta sawasawa, kisha kulinganisha pembe zote nne. Picha hizo zafaa kuhifadhiwa pamoja na risiti.

Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini, nambari 68 ya mwaka 2008, ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2011. Kifungu cha 56 kinampa mnunuzi miezi 6 tangu alipokabidhiwa bidhaa. Ndani ya muda huo anaweza kuirudisha kwa gharama ya muuzaji, na mnunuzi ndiye anayechagua: itengenezwe, apewe nyingine, au arudishiwe fedha zake. Hapo ndipo ugomvi wa dukani unapoanzia, maana muuzaji hupenda kuchagua yeye, na aghalabu huchagua matengenezo. Lenzi ikitengenezwa, na ndani ya miezi 3 kasoro ikajitokeza tena, muuzaji hubaki na njia mbili tu: kutoa nyingine au kurudisha fedha. Tangazo la ukutani kwamba fedha hazirudishwi haliwezi kuifuta haki hiyo.

Wala si halali kumwambia mnunuzi aende akadai kiwandani. Mtengenezaji, mwagizaji, msambazaji na mwenye duka, kila mmoja anabeba dhamana hiyo. Jambo hili lina uzito kwa lenzi zilizoingizwa nchini bila idhini ya mwenye nembo, ambazo huuzwa kwa bei nafuu. Karakana rasmi ya kampuni huweza kukataa kuzihudumia chini ya dhamana ya kiwanda. Kifungu cha 25 kinamtaka muuzaji atangaze waziwazi kwamba bidhaa ni ya namna hiyo; hata akitangaza, miezi 6 ya sheria inabaki juu yake.

Hata hivyo sheria haimlindi aliyeiangusha lenzi, wala aliyeifungua kinyume cha maagizo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Rufaa, katika kesi iliyohusu gari, ilieleza kwamba si kila hitilafu ndogo ni kasoro kisheria. Punje ya vumbi ndani ya kioo, isiyoharibu picha, huenda isitoshe. Aliyebadili mawazo tu naye hana dai, isipokuwa amenunua kwa intaneti: sheria ya mwaka 2002 ya biashara hiyo humpa siku 7, kwa ununuzi ulio mwingi, ingawa gharama ya kurudisha ni yake.

Duka likikaidi, malalamiko ya maandishi hupelekwa kwa Msuluhishi wa Bidhaa na Huduma za Walaji, ambaye hamtozi mlaji chochote, au kwa Tume ya Taifa ya Walaji. Sheria hutazama mauzo yaliyofanyika nchini, si pasi ya kusafiria ya mnunuzi.

Lakini kwa anayeichukua lenzi hadi Lubumbashi au Nairobi, miezi huendelea kuhesabika na duka hubaki Johannesburg. Ukuta wa matofali ni bora utafutwe kabla basi halijaondoka Park Station.