Gari Lisilonguruma



Uhaba wa mafuta umetuzoesha sote, hapa Bujumbura, kukesha kwenye foleni. Ndiyo maana baadhi ya majirani zetu wamenunua magari ya umeme, na Jumamosi huyapandisha Gitega kwenda kuwaona wazee. Tuna neno kwao, na kwenu mnaokwenda kwa miguu.

Mji wetu uko kando ya ziwa, karibu mita 800 juu ya bahari. Bugarama hupita mita 2,000. Kupanda huko hula betri kuliko tambarare ya Rumonge. Mteremko wa kurudi huirudishia sehemu tu ya nguvu hiyo. Basi dereva aulize kabla ya kuondoka kama huko aendako umeme upo, maana nao hukatika.

Linalotukosesha usingizi zaidi ni ukimya. Waendesha baiskeli wanaoshuka na ndizi na makaa hulitambua lori kwa ngurumo yake. Gari la umeme, hasa liendapo polepole, huwafikia mgongoni kama paka. Dereva, piga honi kabla ya kona. Wazazi wa Gatumba, wafundisheni watoto kutazama nyuma kabla ya kuvuka. Sikio peke yake halitoshi tena.

Na ajali ikitokea, msiguse nyaya za rangi ya chungwa, hata gari likiwa limenyamaza. Hilo hunyamaza likiwa zima pia. Waokoeni watu kwa uangalifu, kisha tuiteni.