Rangi Haikauki kwa Amri

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, fundi wa rangi kutoka Sekenke, mbele ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu. Natoka Sekenke, mahali palipojulikana kwa dhahabu. Sarafu za rupia 15 ambazo Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916 zilitengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke. Dhahabu haishiki kutu, wala haimhitaji mtu kama mimi. Mimi naishi kwa chuma: mabodi ya malori yanayopanda na kuteremka mlima wetu, madirisha na mageti.

Wengi hudhani rangi ya mafuta hukauka kama nguo kambani. Sivyo. Ina hatua mbili. Kwanza tapentaini hupaa. Kisha mafuta yaliyomo huungana na oksijeni ya hewani, yakashikamana kuwa ngozi moja ngumu. Hatua ya kwanza ni ya saa chache. Ya pili ni ya siku nyingi. Nanyi mliosoma kemia mnajua kwamba baridi hupunguza mwendo wa kazi ya namna hiyo. Joto likipungua digrii 10, muda waweza kurefuka maradufu.

Baridi yetu ya Juni na Julai si ya Ulaya, lakini inatosha. Tena ina upepo wenye vumbi, na vumbi ni adui wa rangi mbichi. Basi fundi hufunga milango. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Nilipokuwa mwanagenzi, tulikuwa na bodi la lori lililotakiwa kesho yake. Tulipaka rangi nzito ili tumalize kwa mara moja, tukafunga milango na madirisha, tukawasha majiko mawili ya mkaa. Usiku mwenzangu alilalamika kichwa, kisha miguu ikamlegea. Nilimburuta nje nikidhani ni malaria. Hakuwa na malaria. Ilikuwa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Alipona, namshukuru Mungu. Tena mvuke wa tapentaini ungeweza kushika moto, tukateketea sote.

Na lori je? Juu palikauka, chini pakabaki pabichi. Safari ya kwanza tu, turubai liliganda kwenye rangi na kuibandua. Tulikwangua na kupaka upya bila malipo.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Chuma nakipiga msasa, nakifuta vumbi na mafuta, na naanza kupaka jua likishapanda, chuma kikiwa kikavu na hakina ubaridi mkononi. Kopo la rangi nalikalisha katika maji ya uvuguvugu, mbali na moto. Napaka nyembamba mara mbili, wala si nzito mara moja. Naacha kupaka mapema alasiri, ili rangi ipate saa za joto kabla ya usiku. Sakafu nainyunyizia maji kabla ya kazi ili vumbi litulie, na dirisha la upande usio na upepo nabakiza wazi, kwa sababu rangi nayo yahitaji hewa. Kisha nabonyeza kwa kidole gumba mahali pasipoonekana. Alama ikibaki, mwenye lori atangoja.

Wengine hukasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Baadhi yao hurudi.

Vijana, ile kemia mnayodhani ni ya mtihani tu ingalituepusha na balaa usiku ule. Mimi nilikuwa nimeisoma papa hapa, nami nilikuwa nimeisahau. Ninyi msiisahau.