Unga Mweupe wa Bua la Mtama
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tabora)



Mmenitaka niseme machache juu ya kazi yangu ya kilimo. Nitaanza na kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa bwana shamba niliwashauri wakulima wa kijiji kimoja, si mbali na Kwihara, waache mtama wapande mahindi, kwa kuwa ndege waliwasumbua. Februari mvua ikakatika majuma matatu. Mahindi yakajikunja, yakaungua. Mama mmoja aliyekataa ushauri wangu akanipeleka shambani kwake. Mtama ulikuwa umesimama, kijani. Akakwangua bua kwa ukucha, akanionyesha unga mweupe. "Bwana shamba," akasema, "huu umevaa nguo. Mahindi yako yako uchi."

Unga ule ni nta. Jua likizidi, mmea hufunga vitundu vyake vya kupumulia. Maji yanayoendelea kupotea hupenya utando wa juu wa jani. Nta huyazuia, na weupe wake hurudisha sehemu ya mwanga. Mizizi nayo husaidia. Si ajabu misafara ya wapagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji ilinunua mtama hapa Unyanyembe kwa chakula cha njiani.

Wataalamu wa mbegu wamelinganisha mtama wenye nta na usio nayo. Usio nayo hupoteza maji zaidi. Lakini huko Marekani ilionekana kwamba vidukari vya kijani huushambulia kidogo. Basi mzalishaji wa mbegu hawezi kusema "nta iongezwe" akalala. Hana budi apande, apime, achague, arudie misimu mingi.

Vijana, jaribio hili halihitaji fedha. Chukueni majani mawili ya mtama yanayolingana, pamoja na ala zake. Moja lifuteni unga kwa kitambaa. Zibeni mikato kwa nta ya mshumaa, yawekeni gizani, mpime uzito kila saa. Mizani itawaambia yaliyoniponyoka mimi na cheti changu.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mama kuomba radhi na mbegu. Radhi alinipa palepale. Mbegu alinipimia kibaba kimoja, akaniambia nikirudishe baada ya mavuno. Nilikirudisha.