Somo la Redioni: Kueleza Grafu kwa Maneno

Ninyi mlioko darasani, fungueni daftari zenu. Leo tunajifunza kueleza grafu kwa maneno.

Mwalimu wa darasa, tafadhali piga mstari ubaoni, na chini yake andika miezi, tangu Novemba hadi Oktoba. Juu ya kila mwezi simamisha nguzo ya mvua ya Dodoma. Desemba, Januari, Februari na Machi, nguzo ndefu. Novemba na Aprili, nguzo fupi. Mei na Oktoba, alama ndogo tu. Juni hadi Septemba, usichore kitu.

Sasa, tuanzie wapi? Mimi nilipofanya mtihani wa Kiingereza nilipewa grafu. Nikaeleza nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka muda ukaniishia. Nilikuwa kama mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe wake, naye akaanza kuhesabu kwato. Katika mtihani wa IELTS, kwa mfano, mtahiniwa hushauriwa kutumia dakika 20 hivi, aandike maneno yasiyopungua 150. Hana nafasi ya kuhesabu kwato.

Basi, kwanza semeni jambo kuu: "Dodoma ina msimu mmoja wa mvua." Kisha leteni ushahidi: "Karibu mvua yote hunyesha tangu Desemba hadi Machi. Juni hadi Septemba ni kiangazi kikavu." Linganisheni miezi; msiitaje yote.

La pili, msiseme lisilokuwamo. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Desemba mvua hunyesha, basi tupande." Sentensi ni safi, lakini grafu haikusema hivyo. Nguzo hizi ni wastani. Tuseme Desemba ya mwaka wa kwanza ilileta milimita 200, ya pili 160, ya tatu haikuleta hata tone. Jumla ni 360. Gawanya kwa 3, unapata 120. Nguzo itasimama imara kwenye 120, wala haitamwonyesha yule aliyepanda mtama mwaka wa tatu, mbegu isiote.

Ugogo tunayo kumbukumbu ya njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita yalichukua ng'ombe na nafaka, na mvua nazo zikakosekana. Grafu ya wastani haitawaonyesheni mwaka kama ule. Wastani haujazi ghala.

Kwa hiyo andikeni: "Kwa wastani, Desemba hupata mvua nyingi." Maneno hayo mawili, "kwa wastani", humpa mtahiniwa alama, na humkumbusha mkulima asimwage mbegu yote siku moja.

Zoezi:
1. Andika sentensi moja yenye jambo kuu la grafu iliyoko ubaoni.
2. Ongeza sentensi mbili za ushahidi.
3. Msomee jirani yako. Kila neno lisiloonekana katika grafu, alifute.

Kwaherini, na kazi njema.