Njano Si Njaa: Mada Kuhusu Kurutubisha Azalia na Jamaa Zake

Azalia ikianza kupauka, mkono wa mtunza bustani huenda moja kwa moja kwenye mfuko wa mbolea. Ni mazoea tuliyoyapata shambani: mahindi yakipoteza rangi huwekewa CAN au urea, mvua ikanyesha, na haupiti muda kijani kinarudi. Mada hii inadai kwamba mazoea hayo hayo, yanayomfaa mkulima wa mahindi, ndiyo yanayomaliza azalia nyingi zinazonunuliwa vitaluni zikiwa zimejaa maua na kufa kabla hazijachanua mara ya pili. Mmea wa familia ya erika, azalia ikiwemo, hulishwa kwanza kwa kuhakikishiwa udongo mchachu wa kutosha, ili kile kilichomo tayari kiweze kufyonzwa. Mbolea huja nyuma ya hapo, ikiwa kidogo, ya aina yake, na kwa wakati wake.

Hoja hii haisimami bila kumjua mhusika. Mwaka 1753 Linnaeus aliiweka azalia katika jenasi yake peke yake. Wataalamu waliofuata waliona haitofautiani vya kutosha na rododendroni, wakaziunganisha. Afrika haina rododendroni ya asili, na azalia nyingi za bustani zina asili ya Japani na China. Lakini jamaa zake tunazo. Apandaye Kilimanjaro, akishautoka msitu mnene, mnamo mita 3,000 hivi hupita katikati ya miti ya erika yenye majani madogo kama sindano na ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Cape, Afrika Kusini, kuna spishi zaidi ya 600 za erika. Bluberi inayolimwa sasa Kenya ni ya ukoo huo huo. Hakuna anayepeleka mbolea kwenye erika za Kilimanjaro, nazo zinachanua. Hapo ndipo pa kuanzia kuuliza.

Jibu liko mizizini. Ing'oe azalia kwenye chungu chake utakuta mizizi iliyosokotana kama kipande cha blanketi la kahawia, myembamba kuliko uzi wa kushonea; ile ya mwisho kabisa haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, wala haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingine hunyonyea maji na madini. Mahali pa vinyweleo pameshikwa na kuvu. Kuvu hao huishi ndani ya seli za mzizi, hutandaza nyuzi zao kwenye majani yaliyooza nusu, huvunjavunja mabaki hayo na kuupa mmea naitrojeni ambayo mizizi peke yake isingeweza kuichukua. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Ni ushirika uliozoea udongo maskini, mchachu na wenye mboji nyingi. Mizizi yenyewe hulala juujuu, sehemu kubwa katika sentimita 15 za kwanza. Kiganja kizima cha mbolea ya chumvichumvi kikimwagwa hapo, kinavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya kuupa, na ncha za majani huungua.

Aliyeuweka ukweli huu wazi kwa majaribio ni mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Frederick Coville. Katika ripoti yake ya mwaka 1910 kuhusu bluberi alionyesha jambo lililowashangaza wakulima wa siku zile: mmea ule ulidhoofu kwenye udongo wa bustani ulionona, ukadhoofu kwenye udongo uliotiwa samadi nyingi na ule uliotiwa chokaa, lakini ukastawi kwenye udongo mchachu ambao mkulima wa kawaida angeuita mbovu. Kwa maarifa hayo yeye na Elizabeth White, bibi mwenye mashamba New Jersey, walifika mahali pa kuuza zao la kwanza la bluberi ya kupandwa mwaka 1916. Kabla ya hapo watu walikuwa wakichuma za porini, na nyingi walizojaribu kuzihamishia nyumbani zilikuwa zikifa kwa kuhudumiwa vizuri mno.

Sasa turudi kwenye njano. Azalia hupenda udongo wenye pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) ya kati ya 4.5 na 5.5, ikivumilia hadi karibu 6. pH ikipanda juu ya hapo, madini ya chuma hayaondoki, yanafungika tu: kwa kila hatua moja ya pH inayopanda, chuma kinachoweza kuyeyuka hupungua mara elfu moja hivi. Mmea unakuwa kama mtu mwenye ghala lililojaa na ufunguo uliopotea. Dalili yake husomeka kwa macho. Jani changa, lile la ncha kabisa, linageuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, kama ramani ya mito iliyochorwa kwenye karatasi ya njano. Njaa ya naitrojeni hujionyesha kwa namna nyingine: huanzia majani ya zamani ya chini, na jani zima hupauka kwa pamoja. Anayechanganya dalili hizi mbili akaongeza CAN anatenda kosa juu ya kosa, kwa kuwa CAN ina chokaa ndani yake, na nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo mzizi ukiifyonza huupunguzia udongo unaouzunguka uchachu. DAP nayo huleta fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi hukifunga chuma.

Aina inayofaa ni ile inayotoa naitrojeni kama amonia. Salfeti ya amonia, maarufu kwa wakulima kama SA, ina naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, na mzizi unapoichukua huuchachusha udongo. Gramu 20 kwa mita moja ya mraba zinatosha kwa mara moja. Wakulima wa chai wa Kericho au Mufindi hawatashangaa, maana mchai nao unapenda udongo mchachu, na ile NPK 26:5:5 ya chai ina naitrojeni nyingi na fosforasi kidogo. Ila kipimo cha mchai unaochumwa majani mwaka mzima kisihamishiwe kwenye kichaka cha maua.

Kuna pingamizi zito kwamba vitalu vya biashara hulisha azalia kila wiki na zinapendeza kuliko za nyumbani. Ni kweli, na kwa mmea wa chungu nakubali kwamba mbolea haikwepeki, kwa sababu kila umwagiliaji huchukua madini na kuyatoa kwa tundu la chini. Lakini tazama kinachofanyika huko: mbolea huyeyushwa ikawa nyepesi mno, maji hupimwa pH na kutiwa asidi yakihitaji, na chungu hujazwa makumbi ya nazi au mboji chachu, si udongo wa uani. Kinachotangulia ni uchachu. Anayeiga ratiba ya mbolea bila kuiga kipimo cha maji ameiga nusu rahisi.

Pingamizi la pili ni la wapenda asili: samadi na jivu haviwezi kudhuru. Samadi mbichi ina chumvi nyingi, na jivu la kuni hufanya kazi ya chokaa. Kwa mchicha ni neema, kwa azalia ni sumu ya polepole. Hata machicha ya kahawa, yanayosifiwa sana, yakishachujwa hukaribia kuwa si machachu wala si magadi, kwa hiyo yatumike kama matandazo tu. Tandazo bora ni majani ya msonobari au magome yake, unene wa sentimita tano hadi nane, yasigusane na shina. Hilo ndilo lililo karibu zaidi na sakafu ya erika kule mlimani.

Itasemwa pia kwamba mwananchi hana kipima pH. Siki anayo. Udongo mkavu ukitoa povu ukidondoshewa siki, una chokaa, na pale azalia isipandwe ardhini kabisa. Udongo wa matumbawe wa Unguja au Mombasa ni wa namna hiyo, na huko chungu na maji ya mvua ndiyo njia. Usipotoa povu bado hujajua kila kitu, kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara ya udongo, kama ya Mlingano, Tanga, au ya Kabete. Pakihitajika kushusha pH, salfa ya unga ndiyo ya kuaminika, lakini bakteria wa udongo ndio wanaoigeuza kuwa asidi, nao huchukua miezi; mfinyanzi unaweza kuhitaji mara tatu ya kiasi kinachotosha kichanga. Salfeti ya alumini ni ya haraka, ila alumini ikirundikana hudhuru mizizi.

Kuhusu wakati, vitabu vya Uingereza huagiza mbolea ya majira ya machipuko na kuikataza kuelekea mwisho wa kiangazi, kwa hofu ya barafu kuunguza machipukizi laini. Kalenda hiyo haisafiri pamoja na mche hadi Lushoto au Limuru. Kinachosafiri ni mwenendo wa mmea: maua yakishanyauka hutoka machipukizi mapya, na ndani ya miezi inayofuata matumba ya msimu ujao huanza kujengeka kwenye ncha zake. Basi lisha mara maua yanapokwisha, ukishapogoa, udongo ukiwa na unyevu. Nyunyiza chini ya ukingo wa matawi, usikatue kwa jembe, mwagilia tena. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi kijani. Anayetaka kujua kama udongo umeitika aangalie majani matatu manne yatakayotoka baada ya hapo.