Hofu ya Upasuaji na Tawakali ya Mgonjwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa miili na Mjuzi wa yaliyomo nyoyoni. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Enyi Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wamelificha vifuani mwao, nalo ni hofu ya mgonjwa aliyeambiwa mambo mawili mazito: kwamba ugonjwa wake ameurithi kwa wazee wake, na kwamba yampasa apasuliwe.

Na tuchukue mfano wa seli mundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, kwani majumba yetu mengi yanaujua. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa asili ni laini na za mviringo, hujikunja zikafanana na mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Tena huvunjika upesi, na kutokana na mabaki yake huweza kufanyika vijiwe ndani ya mfuko wa nyongo. Kwa wagonjwa wengine kichwa cha mfupa wa paja, penye nyonga, hufa kwa kukosa damu, hata mtu akawa hatembei ila kwa taabu. Hapo ndipo daktari humwambia msichana wa miaka 19, aliyezoea sindano tangu utotoni: "Binti yangu, mfuko huu wa nyongo yafaa tuuondoe."

Usiku ule msichana hapati usingizi. Hujiuliza: Nikilazwa kwa dawa, nitaamka? Damu yangu yenyewe ina kasoro. Mwili huu utakistahimili kisu? Na akijaribu kuyasema hayo kwa mama yake, huambiwa, "Mwanangu, Muislamu haogopi. Mtegemee Mungu, yaishe." Basi hunyamaza, na hofu ikabaki naye peke yake.

Ndugu Waislamu, maneno hayo husemwa kwa mapenzi, lakini si sahihi. Hofu ya maumivu na ya mauti ni tabia aliyoumbwa nayo binadamu, wala si dalili ya upungufu wa imani. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aligeuka akakimbia alipoiona fimbo yake imekuwa nyoka. Alipotumwa kwa Firauni hakujifanya shujaa. Alimweleza Mola wake waziwazi kwamba anaogopa kuuawa, na akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Mwenyezi Mungu hakumkemea kwa hofu ile wala hakumvua utume. Alimtuliza, akampa ndugu yake, kisha akamwamrisha aende. Zingatieni mpango huo: hofu ilisemwa, mwenza akatafutwa, kisha kazi ikafanywa. Hofu ilimfuata Musa njiani, nayo haikumzuia kufika. Hiyo ndiyo njia tunayomwonyesha mgonjwa wetu.

Jambo la pili, kurithi ugonjwa si laana wala si adhabu ya dhambi ya mtu. Mtoto hapati seli mundu mpaka apokee chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wazazi wawili wanaoibeba kasoro hiyo wenyewe aghalabu hawaumwi, wala hawajui kuwa wanayo. Lakini katika kila mimba ipo nafasi 1 katika 4 ya kumpata mtoto mgonjwa. Basi mume anayemwambia mkewe, "Maradhi haya yatoka kwenu," amesema asilolijua, kwani yametoka kwao wote wawili. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyefanya uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki, alieleza kwamba wenye kurithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Kumbe kitu kilichowahifadhi mababu wengi na homa ndicho kilichomfikia mjukuu kwa sura ya maradhi. Nani basi wa kulaumiwa? Dini yetu haimtwiki mtu dhambi ya mwenziwe, sembuse jambo ambalo si dhambi.

Jambo la tatu, wako wanaodhani kuwa kukubali kisu ni kuikimbia kadari. Hao wazitazame sira. Sahaba Ubayy bin Kaab alipougua, Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyempelekea tabibu, na tabibu yule akamkata mshipa na kupachoma mahali pale kwa moto. Urwa bin Zubair, mwanachuoni mkubwa wa Madina, alikatwa mguu ulioingiwa na maradhi ya kula nyama, akaendelea kuishi na kufundisha. Na huko Andalusia, Abul-Qasim Az-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu cha sehemu 30, na sehemu ya mwisho akaifanya ya upasuaji, akachora na picha za vyombo vyake. Kisu cha tabibu, basi, si kigeni kwa Waislamu.

Jambo la nne, na hapa ndipo penye hatari kubwa, tawakali haiwi bila ya matayarisho. Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga, aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. Kamba ya mgonjwa wa seli mundu ni kusema kweli. Ziko nyumba zinazouficha ugonjwa huu ili binti asikose mchumba au mwana asichekwe, na kwa kuzoea kuficha, mtu huingia hata katika chumba cha upasuaji bila ya daktari kujua. Hilo ni kuitia roho katika hatari. Mpasuaji, na hasa mtaalamu wa dawa ya usingizi, hana budi kujua mapema, kwa sababu mwili huu unahitaji uangalizi wake maalumu. Mgonjwa asiachwe na kiu kwa saa nyingi. Akizuiwa kunywa, apewe maji kwa mshipa. Asiachwe na baridi, wala asipungukiwe na hewa ya oksijeni. Baada ya kuamka asaidiwe kupata nafuu ya maumivu na kuvuta pumzi kwa kina, ili mapafu yake yasizibe. Aghalabu huongezewa damu kabla ya kupasuliwa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliotangulizwa kuongezewa damu walipata madhara makubwa machache kuliko wasioongezewa.

Wewe mgonjwa, yaulize yote haya. Uliza: Kwa nini nipasuliwe, na nikiacha itakuwaje? Mumewahi kuwapasua wenye ugonjwa kama wangu? Damu ipo? Ukitaka kusikia rai ya daktari wa pili, si utovu wa adabu. Daktari mkweli hatakuahidi kwamba hakuna hatari yoyote. Atakuambia hatari ya kupasuliwa na hatari ya kutopasuliwa, upime wewe. Kisha swali istikhara, wala usikae ukingojea ndoto; shauriana, azimia, na umwachie Mola wako.

Na kama linalokutisha ni ule usingizi wa dawa, kumbuka kwamba kila usiku tunalala bila ya kujua kama tutaamka, na tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu huzichukua roho usingizini, akazirudisha alizozipangia kuishi. Anayekulinda kitandani kwako ndiye atakayekulinda pale mezani. Ukiandika wasia wako na kulipa madeni, hujajitabiria mauti. Hiyo ni sunna kwa mzima na kwa mgonjwa. Wala usiwe na wasiwasi juu ya ibada: asiyeweza kusimama husali kwa kukaa, asiyeweza kukaa husali kwa kulala, na ambaye maji yatamdhuru hutayamamu.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, nyinyi ndio Harun wake. Msiende hospitali kumhadithia habari za fulani aliyefia mezani. Msimwambie anyamaze. Mama amwambie bintiye, "Nambie, mwanangu, kinachokutisha ni kipi?" kisha asikilize mpaka mwisho, hata kama hana jibu. Baba aende naye kwa daktari, awe ni mwenye kukumbuka yale ambayo mgonjwa kwa hofu atayasahau. Vijana wenye afya watoe damu, kwani chupa ya damu haitengenezwi kiwandani, hutoka katika mkono wa mtu. Hiyo ni sadaka ambayo mtoaji hapungukiwi, na mwenye kuipokea huenda akawa ameokolewa kwayo.

Na vijana mnaotaka kuoa na kuolewa, pimeni damu zenu kabla ya ndoa. Kujua si kuvunja posa. Ni kuingia katika jambo kwa macho yaliyo wazi.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tusimtake mgonjwa asiogope. Tumtake aiseme hofu yake, akamate mkono wa nduguye, na atembee.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape utulivu wanaongoja kupasuliwa, uongoze mikono ya madaktari wanaowatibu, na uwape subira wazazi wao. Waliotangulia kwa maradhi haya, warehemu na uwakutanishe na jamaa zao katika Pepo yako. Tunasema haya, na tunajiombea msamaha sisi na nyinyi, na Waislamu wote. Amin.