Dirisha Limefungwa, Vumbi Limo Ndani

Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, Mpanda ni mji wa kufunga madirisha. Lori likikatiza Nsemulwa au Kawajense kwenye kipande ambacho lami haijafika, wekundu unapanda hadi kwenye mabati, na kila mwenye vyombo uani anawaita watoto wafunge upesi. Vumbi hilo tunalijua na tunalilaani kila siku. Leo, msikilizaji, nina neno na mtu ambaye dirisha kalifunga barabara, kawasha taa, na humo ndani anapiga msasa.

Namsema mwalimu, nesi, karani, yeyote ambaye akitoka kazini anavua shati la ofisini na kuingia chumba cha uani kumalizia stuli yake au fremu ya picha ya harusi. Hauzi, anajifurahisha, na simlaumu hata kidogo. Aliyewahi kuona ubao wa mninga ukitoka chini ya randa, na michirizi yake, na ile harufu, haachi tena kirahisi. Ila mninga huohuo ukigeuka unga ni mkorofi. Huwasha ngozi, hufunga pua, na wapo mafundi uliowaletea pumu.

Ubaya haumo kwenye maranda. Hayo yanaanguka miguuni, unayazoa, unayapeleka banda la kuku. Ubaya umo kwenye unga wa msasa, hasa wa ile mashine ya umeme yenye diski. Punje ya maikroni 10, ambayo ni nyembamba kuliko unywele mara kadhaa, huchukua kama dakika 10 kushuka mita 2 hewa ikiwa imetulia. Ya maikroni 2 huelea kwa saa kadhaa, na hiyo ndiyo inayofika chini kabisa ya mapafu. Umezima mashine, umekwenda kunywa chai, umerudi ukaona hewa safi. Zima taa, umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, uone kilichobaki humo.

Miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona saratani adimu ya pua ikiwaandama watengeneza samani wa High Wycombe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, likaliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wale wa High Wycombe walilivuta kutwa nzima kwa miaka mingi, na wewe wa muda wa saa moja jioni si mwenzao. Lakini sikia kipimo cha huko. Kwa mbao ngumu, Uingereza leo hairuhusu zaidi ya miligramu 3 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu, kwa kipimo hicho hata miligramu 70 hazifiki. Chumvi unayoibana kwa vidole viwili kutia kwenye yai ni nzito kuliko hivyo.

Na nyumba zetu nyingi hazina dari. Ukuta kati yako na watoto umeishia juu kidogo ya lenta, kuanzia hapo ni mbao za paa na bati. Unga unapanda, unavuka, unashuka upande wa pili. Kesho asubuhi pitisha kiganja juu ya chandarua cha mtoto. Kikitoka na ukahawia wa mninga badala ya wekundu wa barabarani, umeshajua umetoka wapi. Wakala wa serikali, OSHA, wana sheria yao ya mwaka 2003 ya usalama na afya mahali pa kazi, lakini chumba cha uani mkaguzi wake ni mama mwenye nyumba, naye mara nyingi keshalala.

Ushauri wa ng'ambo ni kununua mashine ya kufyonza na kuiunganisha moja kwa moja na ya msasa. Ni ushauri mzuri, maana vumbi hunaswa vizuri pale linapozaliwa. Ukikosa pesa yake, waangalie mafundi wazee: wanakwangua mninga kwa kipande cha kioo kilichovunjika, makali wameyalaza kidogo, na kinachotoka ni nyuzi zilizojikunja. Msasa unabaki wa kupitisha tu.

Huo wa kupitisha, pigia nje, barazani au chini ya mwembe. Upepo ukupitie ubavuni. Ukiupa mgongo, unga unazunguka na kukurudia usoni. Mwangalie na jirani aliyeanika nguo. Ikibidi ufanyie ndani, weka feni dirishani ipulize kwenda nje, na mlango wa upande wa pili uwe wazi. Feni ya dari haisaidii, inakoroga tu. Fagio kavu la chelewa nalo ni kulirusha vumbi upya. Nyunyiza maji kwanza, au futa kwa tambara bichi. Zile barakoa nyepesi za buluu zina mwanya mashavuni. Tafuta yenye alama ya N95 au FFP2, na ukiwa na ndevu nyingi hata hiyo haitakaa sawasawa. Nguo za kazi zilale hukohuko uani.

Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime kifua kikuu kwanza, hasa katika mkoa huu wenye wachimbaji wengi wa dhahabu. Daktari atakuuliza kazi yako, nawe utajibu mwalimu, naye ataandika mwalimu na kuwaza chaki. Mwambie na ya jioni.